Siri Inayotengenezwa Hadharani

Kila laini ya simu inayouzwa kwenye vibanda vya Rongo, Oyugis au Mbita ina namba ya siri ya biti 128 ndani yake. Namba hiyo huwekwa kabla laini haijamfikia muuzaji, na nakala yake hubaki katika mitambo ya kampuni ya simu. Mwenye laini akipiga, mtandao humtambua kwa namba hiyo, na ufunguo unaofunika sauti yake hewani huzaliwa kutokana nayo. Hapa siri imetangulia mazungumzo. Kuna aliyeiandika, kuna anayeitunza, na kuna safari ndefu iliyoifikisha hadi kando ya ziwa.

Sasa tuondoe kiwanda na kampuni. Tuweke kituo kimoja cha redio Mbita, katika Kaunti ya Homa Bay, na kingine Muhuru Bay, katika Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Waendeshaji wake hawajawahi kukutana wala kuachiana namba yoyote. Yupo pia mdukizi anayesikia kila neno wanaloambiana. Redio yake ni bora kuliko zao, na kompyuta yake haina kikomo cha kasi wala cha kumbukumbu. Je, hawa wawili wanaweza kuzungumza hewani, mdukizi akiwa ametega sikio mwanzo hadi mwisho, kisha wakabaki na namba wanayoijua wao peke yao?

Wengi watajibu papo hapo kwamba haiwezekani: kila kilichofika Muhuru kimefika pia kwa mdukizi. Jibu sahihi ni kwamba inawezekana, na masharti yake yanajulikana. Wanahisabati waliujenga ufundi huu polepole kwa karibu nusu karne, kila mmoja akiongeza hatua pale mwenzake alipoishia. Unastahili kutazamwa bila haraka, kwa sababu uzuri wake wote umo katika hatua zake.

Una ndugu yake anayefahamika zaidi. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha njia ya watu wawili kupata ufunguo mmoja kwa kuzungumza wazi, na kizazi cha njia hiyo ndicho kinachofunga ujumbe wa WhatsApp hivi leo. Lakini usalama wake umekaa juu ya ugumu wa hesabu. Mdukizi anacho kila kinachohitajika kupata jibu, ila muda haumtoshi. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta, ikijengwa kubwa ya kutosha, itafupisha muda huo. Ufundi ninaousifu hapa hauombi hesabu yoyote iwe ngumu. Unahakikisha kwamba jibu halimo katika yale aliyoyasikia mdukizi, na kitu kisichokuwemo hakuna kompyuta itakayokikokotoa.

Msingi wake ni nadharia ya habari, na mwanzilishi wake, Claude Shannon wa maabara za Bell nchini Marekani, ndiye aliyeanza kwa kukatisha tamaa. Mwaka 1949 alithibitisha kwamba siri kamili inahitaji ufunguo usiopungua urefu wa ujumbe wenyewe. Anayetaka kutuma kurasa mia kwa siri kamili lazima awe ameshapeleka kurasa mia za ufunguo kwa njia nyingine. Uthibitisho huo hauna kasoro. Ila Shannon alikuwa amempa mdukizi nakala safi ya kila kilichotumwa, na mwaka 1975 Aaron Wyner, naye wa Bell, aliuliza kama nakala hiyo ni safi kweli. Redio zina mikwaruzo. Waya zina upotevu. Wyner alionyesha kwamba mdukizi akisikia vibaya kuliko mlengwa, tofauti hiyo ya usikivu inaweza kubeba siri. Mwaka 1978 Imre Csiszár na János Körner wa Hungaria waliipanua hoja hiyo, lakini sharti lilibaki palepale: mlengwa lazima amzidi mdukizi kwa namna fulani. Kituo chetu cha Muhuru, chenye redio duni, bado kilikuwa hakina tumaini.

Tumaini lilifika mwaka 1993. Ueli Maurer wa chuo cha ETH Zürich aliuliza itakuwaje kama wale wawili wataruhusiwa kujibizana, mbele ya mdukizi, huku kila neno likisikika. Mwaka huohuo Rudolf Ahlswede wa Ujerumani na Csiszár walichapisha kazi yao juu ya jambo hilo hilo. Maurer alionyesha kwamba majibizano ya wazi yanaweza kuumba ubora mahali ambapo haukuwapo, hata kama mdukizi ndiye aliyeanza akiwa mbele. Nataka tulione hilo kwa namba, kwa mfano ulio karibu na wa Maurer mwenyewe.

Tuseme kuna setelaiti inayorusha sifuri na moja kwa nasibu, kwa mawimbi hafifu mno. Mbita inakosea biti 20 katika kila 100. Muhuru nayo inakosea 20. Mdukizi, kwa antena yake nzuri, anakosea 15 tu. Makosa ya kila mmoja hayana uhusiano na ya mwingine. Ukilinganisha walichopokea, Mbita na Muhuru wanaafikiana katika biti 68 kati ya 100, ilhali Mbita na mdukizi wanaafikiana katika 71. Mdukizi anaijua Mbita kuliko Muhuru inavyoijua.

Hatua ya kwanza ni kuchuja ubora. Mbita inarusha sarafu na kupata biti moja mpya, tuseme 1, ambayo haiitangazi. Kisha inachukua fungu la biti tano ilizopokea kutoka kwenye setelaiti, na kwa kila mojawapo inatangaza hadharani kama inalingana na ile biti ya sarafu au inatofautiana nayo. Muhuru inachukua biti zake tano za nafasi zilezile na kupata maoni matano juu ya sarafu ilivyoanguka. Maoni yote matano yakikubaliana, Muhuru inasema: tunalichukua. Moja tu likipingana na mengine, inasema: tutupe. Nao wanatupa.

Katika mafungu 100, yanayosalia ni kama 15. Lakini katika hayo yaliyosalia Muhuru inakosea mara 2 hivi tu kwa 100, ilhali mwanzo haikuafikiana na Mbita katika 32. Mdukizi je? Amesikia matangazo yote matano, na anafuata maoni ya wengi miongoni mwa biti zake tano. Hesabu inatoa kwamba anakosea mara 6 hivi kwa 100. Aliyeanza mbele sasa yuko nyuma, na hakuna aliyemfunga masikio wala kumdanganya.

Hapo ndipo ninapopenda kusimama kwa muda. Ni kitu gani kimebadilika? Mdukizi hakupoteza hata neno moja. Alichokikosa ni kura. Muhuru ndiyo iliyoamua mafungu gani yabaki, na ilibakisha yale ambayo yenyewe ilikuwa na uhakika nayo. Mdukizi huenda alikuwa na uhakika mkubwa katika fungu lililotupwa, na huenda anayumba katika lililobaki, lakini hana namna ya kusema libaki hili, litoke lile. Kusikia kila kitu si sawa na kushiriki mazungumzo. Maurer aliugeuza ukweli huo kuwa namba inayoweza kupimwa, nami sijui hoja nyingine ya hisabati inayompa mshiriki mnyonge heshima kubwa kama hiyo.

Hatua ya pili ni kupatanisha. Ufunguo wenye biti moja isiyolingana haufungui kitu, kwa hiyo yale makosa mawili kwa mia lazima yatafutwe. Njia ya Gilles Brassard na Louis Salvail, ya mwaka 1993, inafanya kazi kwa maswali mafupi. Mbita inagawa biti zake katika makundi na kutangaza kama idadi ya moja katika kila kundi ni shufwa au witiri. Kundi likitofautiana na la Muhuru, kuna kosa ndani. Wanaligawa nusu, wanauliza tena, kisha nusu ya nusu, mpaka biti yenye kosa ishikwe. Baadaye wanazichanganya biti na kuunda makundi mapya. Kosa likipatikana katika duru ya baadaye, hufichua jingine lililojificha katika duru ya awali, kwa sababu makosa mawili ndani ya kundi moja hufichana, na jibu la shufwa au witiri haliyaonyeshi. Basi wanarudi nyuma na kulitoa hilo nalo.

Kila jibu la shufwa au witiri ni zawadi kwa mdukizi, na fundi mwaminifu anaiandika daftarini kama deni. David Slepian na Jack Wolf walikuwa wameshathibitisha, mwaka 1973, kiasi cha chini kabisa kinachopaswa kusemwa ili wawili wenye maandishi yanayokaribiana wayafanye yawe sawa. Katika mfano wetu ni kama biti 16 za mazungumzo kwa kila biti 100 zilizosalia. Kusema chini ya hapo ni kuacha makosa. Kusema zaidi ni kugawa siri bure. Ustadi wa hatua hii hupimwa kwa jinsi mazungumzo yanavyokaribia kiwango hicho.

Hatua ya tatu ndiyo inayofuta ujuzi wa mdukizi, na ilielezwa mwaka 1988 na Charles Bennett, Gilles Brassard na Jean-Marc Robert. Chukua biti tatu ambazo Mbita na Muhuru wanazijua. Wanajua pia kwamba mdukizi anaijua moja kati yake, ila hawajui ni ipi. Wafanye nini? Wajumlishe ya kwanza na ya pili, na kuandika 0 jumla ikiwa shufwa au 1 ikiwa witiri. Wafanye vivyo hivyo kwa ya pili na ya tatu. Sasa wana biti mbili. Jaribu kumweka mdukizi kwenye biti yoyote uipendayo: akiijua ya kwanza, ya pili asiyoijua inamvurugia jumla, akiijua ya pili, ya kwanza na ya tatu zinamfungia milango yote miwili, akiijua ya tatu, mambo ni yaleyale. Biti tatu zilizovuja moja zimekuwa biti mbili zisizovuja hata kidogo, na kanuni ya kujumlisha imetangazwa wazi.

Kwa biti nyingi hutumika familia za kanuni ambazo Larry Carter na Mark Wegman walizieleza mwaka 1979. Mbita inachagua kanuni moja kwa nasibu na kuitangaza baada ya setelaiti kunyamaza, wakati mdukizi ameshapokea alichopokea na hawezi tena kuchagua asikilize nini. Kisha ufunguo unafupishwa kwa kiasi cha deni lote lililoandikwa daftarini, pamoja na kile ambacho mdukizi alikijua tangu kwenye setelaiti, na akiba kidogo ya usalama juu yake. Akiba ya biti 20 tu inatosha kushusha wastani wa ujuzi wa mdukizi, kuhusu ufunguo mzima, hadi chini ya sehemu mbili kwa milioni za biti moja. Hiyo ni ahadi iliyothibitishwa, haijali mdukizi ana mashine gani wala atakuwa na mashine gani miaka hamsini ijayo.

Tupige hesabu ya gharama. Katika mfano wetu, kila biti iliyosalia baada ya kuchuja inazaa kama sehemu moja ya kumi ya biti ya siri. Ufunguo wa biti 128 unadai basi biti 1,300 zilizosalia, ambazo zinadai mafungu karibu 8,800, yaani biti kama 44,000 kutoka kwenye setelaiti. Hicho ni kikomo cha nadharia, na kazi halisi hugharimu zaidi. Mkulima wa Nyatike anayepepeta mtama hutupa makapi na kubaki na punje. Fundi huyu hutupa pia punje nyingi nzuri, kwa sababu hana namna ya kujua ni zipi ambazo jicho la mdukizi limezifikia. Uvumilivu wa kutupa ndio kazi yenyewe.

Kuna sharti moja ambalo hakuna hatua inayoliondoa. Mdukizi asikilize tu, asiweze kujifanya Muhuru. Akiweza kuiga sauti ya kila upande, atatengeneza ufunguo mmoja na Mbita, mwingine na Muhuru, na kukaa katikati akisoma yote. Wegman na Carter walionyesha mwaka 1981 namna ya kuweka alama ya uhakika kwenye ujumbe kwa ufunguo mfupi, bila kutegemea ugumu wa hesabu. Kwa hiyo panahitajika siri ndogo ya kuanzia, na ufundi huu huikuza. Mafundi wa ufunguo wa kwanta, waliotokana na pendekezo la Bennett na Brassard la mwaka 1984, wanaishi chini ya sharti hilohilo, na hutumia hatua ya pili na ya tatu kama nilivyozieleza.

Ufundi huu haukuishia kwa watu wawili. Mwaka 2004 Csiszár na Prakash Narayan walitoa kanuni ya kundi zima, na ni nyepesi kiasi cha kuhesabika kwa vidole. Tuseme kituo cha Homa Bay mjini kina biti moja ya siri pamoja na Mbita, na Mbita ina nyingine pamoja na Muhuru. Vituo vyote vitatu vinataka ufunguo mmoja wa pamoja. Mbita inatangaza neno moja tu: biti zangu mbili zinafanana, au hazifanani. Mara hiyo Homa Bay inaijua biti ya Muhuru, na Muhuru inaijua ya Homa Bay. Mdukizi anajua kufanana au kutofanana, lakini hajui kama ni sifuri au moja. Jumla ya nasibu ilikuwa biti mbili, iliyosemwa ni moja, iliyobaki siri ni moja. Kanuni ya Csiszár na Narayan inasema kwamba daima huwa hivyo: ukubwa wa ufunguo wa kundi ni nasibu yote iliyomo, ukitoa kiasi kidogo kabisa cha maneno kinachotosha kumfanya kila mwanakikundi ajue kila kitu. Inavutia kuona kwamba siri kubwa kabisa inapatikana kwa njia ya kuambizana yote.

Setelaiti nayo si ya lazima. Mwaka 1995 John Hershey, Amer Hassan na Rao Yarlagadda walipendekeza kwamba njia ya mawimbi yenyewe iwe chanzo cha nasibu. Antena mbili zikipokezana kwa masafa yaleyale, kwa muda mfupi, wimbi linapita njia ileile likienda na likirudi. Nguvu yake ikipanda kwa mmoja, inapanda kwa mwingine. Ikizama, inazama kwa wote wawili. Mtu wa tatu aliye umbali wa nusu ya urefu wa wimbi, yaani kama sentimita 6 kwa redio za Wi-Fi za gigahezi 2.4, husikia mpando na mzamo tofauti, ikiwa mahali hapo pana vitu vingi vya kuakisi wimbi kutoka kila upande.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayoamua, na kaunti zetu mbili zinaonyesha kwa nini. Weka vifaa viwili kwenye stendi ya mji wa Migori saa za adhuhuri: mapaa ya mabati, matatu zinazoingia na kutoka, bodaboda, watu wenye mizigo. Wimbi linagonga kila kitu, na kila kitu kinatembea. Hapo nasibu imejaa na sentimita 6 zina maana. Sasa vipeleke ziwani, kimoja Mbita na kingine Sena kisiwani Mfangano. Juu ya maji wazi wimbi linakwenda moja kwa moja, likisindikizwa na mwakisiko kutoka kwenye uso wa ziwa, na njia nyingine ni chache. Mdukizi aliye ndani ya boti, mbali zaidi ya sentimita 6, anaweza kukisia mengi. Fundi asiyelitambua hilo atajiandikia siri asiyokuwa nayo.

Utulivu nao ni adui. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walionyesha mwaka 2009 kwamba mahali ambapo hakuna kinachosogea panatoa nasibu haba, na kwamba mtu anaweza kupita makusudi kati ya vifaa viwili ili aumbe mabadiliko anayoyajua yeye mwenyewe. Kwa hiyo kipimo cha mahali hutangulia ufunguo, na kipimo cha jana hakihesabiki leo.

Ningependa kazi hii ifanywe na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo na cha Tom Mboya. Vifaa viwili vya Wi-Fi vya bei nafuu vinavyosoma nguvu ya mawimbi vinatosha, pamoja na cha tatu mkononi mwa mwenzao atakayecheza mdukizi, kwanza sentimita chache pembeni, kisha mita moja, kisha kumi. Wapime stendini, wapime darasani usiku, wapime ufukweni. Wahesabu nani anaafikiana na nani, watoe kila biti iliyosemwa hadharani, waandike kilichobaki. Pakibaki sifuri, waandike sifuri, maana sifuri iliyopimwa vizuri humlinda mtu kuliko ufunguo wa kudhania. Nguvu ya ufundi huu inatoka hapo: humhesabia mdukizi kila kilicho chake, hadi biti ya mwisho, na hudai siri katika kile tu kinachobaki.